Sauti Nyembamba, Akili Pevu: Uhakiki wa Usemi wa Judy Holliday Jukwaani na Katika Sinema

0. Utangulizi

Katika uhakiki wa tamthilia kazi hugawanywa kwa desturi isiyoandikwa popote: maandishi huachiwa wanafasihi na wanaisimu, naye mwigizaji huachiwa waandishi wa magazeti. Maandishi huchunguzwa neno kwa neno. Mwigizaji husifiwa sura, mavazi na tuzo alizopewa, basi. Makala hii yakusudia kuuvuka mpaka huo. Yamhusu Judy Holliday, mwigizaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 1965, ambaye jina lake lilivuma jukwaani na katika sinema kati ya mwaka 1946 na mwaka 1960. Wengi wamkumbuka kwa mhusika wa aina moja: mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu, sauti nyembamba na, kama wasemavyo, kichwa kitupu.

Rai yetu ni kwamba ujinga huo ulikuwa kazi ya lugha. Kwa sauti, kwa kiimbo na kwa ukimya, Holliday aliunda usemi wa mtu ambaye jamii imekwisha kumhukumu kabla hajamaliza sentensi yake. Kisha akautumia usemi huo kuonyesha kwamba hukumu ile ilikuwa ya uongo. Tutaona pia kwamba siku moja, nje ya jukwaa, ilimbidi kuutumia kwa kusudi lingine kabisa. Mwishoni tutauliza swali linalotuhusu sisi wa idara za Kiswahili: mhusika kama huyo angesema Kiswahili gani?

1. Kutoka Tuvim hadi Holliday

Alizaliwa mjini New York tarehe 21 Juni 1921, katika ukoo wa Kiyahudi, akaitwa Judith Tuvim. Mama yake alikuwa mwalimu wa piano. Alipomaliza shule ya sekondari alipata kazi ya opereta wa simu katika Mercury Theatre, kundi la Orson Welles. Msomaji aiweke kazi hii akilini, maana simu itarudi katika maisha yake.

Mwaka 1938 alijiunga na vijana wenzake, miongoni mwao Betty Comden na Adolph Green, wakaunda kundi lililoitwa The Revuers. Walicheza katika ukumbi mdogo wa Village Vanguard. Kwa kuwa hawakuwa na fedha za kununua haki za michezo ya watu wengine, walijitungia michezo yao wenyewe: nyimbo na mazungumzo mafupi ya kuwakejeli watu wa magazeti, wa matangazo ya biashara na wa sinema. Kwa hiyo shule ya kwanza ya Holliday ilikuwa kejeli. Kabla hajawa mtu wa kuchekwa, alikuwa mtu wa kuwasikiliza wengine kwa makini na kuziiga sauti zao.

Kundi lilikwenda Hollywood, lakini katika filamu ya Greenwich Village (1944) sehemu kubwa ya kazi yao ilikatwa. Huko ndiko Judith Tuvim alikogeuzwa Judy Holliday. Mwanaisimu atapendezwa na mageuzi hayo. Jina Tuvim lakaribiana na neno la Kiebrania lenye maana ya «njema», ambalo hutumika katika kutaja siku njema, yaani sikukuu. Nalo jina Holliday ni neno la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo ya sikukuu, likiongezewa herufi moja. Jina la kizazi halikufutwa, lilitafsiriwa. Tabia hiyo ya kuficha jambo bila kuliacha ndiyo tutakayoikuta katika usanii wake wote.

Alirudi New York, na mwaka 1945 akapata tuzo ya Clarence Derwent kwa nafasi ndogo aliyoicheza katika Kiss Them for Me. Mwaka uliofuata mlango ulifunguka.

2. Billie Dawn: maneno mapya, sauti ile ile

Tamthilia ya Born Yesterday, iliyotungwa na kuongozwa na Garson Kanin, ilikuwa imekusudiwa kuchezwa na Jean Arthur, mwigizaji mashuhuri wa sinema. Arthur alijitoa wakati mchezo ulipokuwa ukijaribiwa nje ya New York. Holliday aliitwa, akajifunza nafasi hiyo ndefu kwa siku chache tu. Tarehe 4 Februari 1946 mchezo ulifunguliwa katika Lyceum Theatre, ukaendelea mpaka kufikisha maonyesho 1,642.

Habari yenyewe ni nyepesi. Harry Brock, tajiri aliyejitajirisha kwa vyuma chakavu, anafika Washington kumnunua seneta. Amefuatana na Billie Dawn, mwanamke aliyekuwa mcheza dansi katika maonyesho ya muziki. Brock anaona haya kwa jinsi Billie anavyosema mbele ya wakubwa, hivyo anamwajiri mwandishi wa habari, Paul Verrall, ili amfundishe. Billie anasoma magazeti na vitabu, anafungua kamusi; polepole anaelewa kwamba makampuni ya Brock yameandikwa kwa jina lake, na kwamba zile karatasi alizokuwa akizitia saini bila kuzisoma ndizo nguvu za Brock. Siku anapokataa kutia saini, utawala wa Brock unaanguka.

Ni tamthilia juu ya ufundishaji wa lugha, nayo yaomba ilinganishwe na Pygmalion ya Bernard Shaw. Lakini tofauti ni kubwa. Katika Pygmalion, Eliza anageuzwa kwa matamshi: irabu zake zikinyooka, jamii inampokea. Billie anabaki na matamshi yake. Tuitazame filamu iliyoongozwa na George Cukor mwaka 1950: sauti ya Holliday mwishoni ni ile ile ya mwanzoni, ya juu, yenye kupita puani, yenye kuimeza r baada ya irabu kama wasemavyo watu wengi wa New York. Kilichobadilika ni msamiati, na zaidi ya msamiati, ni haki anayojipa ya kuuliza. Kwa mtu anayefundisha lugha hili ni fundisho kubwa. Holliday anatuambia kwamba akili haihitaji kuomba ruhusa kwa lafudhi.

Tuangalie mambo matatu katika uigizaji huo.

Kwanza, ukimya. Billie anaingia hotelini bila kusema. Mtazamaji anaona nguo, mwendo, uso. Anajitengenezea picha ya bibi mkubwa. Kisha Brock anamwita kwa kelele, naye anajibu kwa neno moja la kuuliza, kwa sauti kali inayopasua chumba. Watu wanacheka. Wanacheka kwa kuwa sauti imevunja picha. Tayari Holliday ametuonyesha jinsi tunavyompima mtu: kwa macho kwanza, kwa sikio pili, na kwa anayoyasema mwisho kabisa.

Pili, karata. Kuna onyesho mashuhuri ambamo Billie na Brock wanacheza karata, karibu bila neno. Billie anazipanga karata zake kwa vidole vyepesi, anaimba chinichini, anachukua, anatupa, anashinda. Anashinda tena. Brock anaghadhibika. Hapa hakuna sentensi hata moja ya kisomi, lakini akili imejaa kote: kumbukumbu, hesabu, kumsoma adui. Onyesho hili laja kabla ya masomo ya Verrall kuanza. Maana yake ni kwamba mwalimu hakuileta akili; aliikuta. Kwa maoni yetu hii ndiyo dakika iliyo bora kuliko zote katika filamu, nayo inaitia kasoro habari nzima ya mwanamume mwerevu anayemzindua mwanamke mjinga.

Tatu, kosa la msamiati. Akirudia somo la siasa, Billie anachanganya maneno mawili ya Kiingereza yanayokaribiana kwa sauti, moja lenye maana ya kukaa mahali, la pili lenye maana ya kuzuia. Hivyo nchi inakuwa mali ya wale wanaoizuia. Mwigizaji mwingine angeisukuma sentensi hiyo ili kicheko kije. Holliday anaisema kwa uzito wote, kama mwanafunzi aliyeshika somo vizuri. Kicheko kinakuja chenyewe, na nyuma ya kicheko ukweli: kwa muda wote wa mchezo, nchi imekuwa kweli mikononi mwa wenye kuizuia.

Pamoja na hayo, mkuu wa kampuni ya Columbia, Harry Cohn, hakutaka Holliday aicheze nafasi hiyo katika filamu. Rafiki zake walitumia hila. Katika Adam's Rib (1949), iliyoandikwa na Kanin pamoja na Ruth Gordon na kuongozwa na Cukor, alipewa nafasi ya Doris Attinger, mke aliyempiga risasi mumewe bila kumwua. Katika onyesho la gerezani Doris anamweleza wakili wake yaliyotokea. Kamera inakaa mahali pamoja, bila kukatwa, kwa dakika nyingi, nayo inamwelekea Doris. Katharine Hepburn, aliyekuwa nyota wa filamu hiyo, anakubali kuachia macho ya watu yaende kwa mwenzake. Doris anasimulia uchungu wa ndoa na njaa ya tumbo kwa kiimbo kimoja, kana kwamba vina uzito sawa. Tunacheka, kisha tunaona aibu ya kucheka. Baada ya filamu hiyo Cohn alikubali. Tarehe 29 Machi 1951 Holliday alitunukiwa Oscar, akiwapita Bette Davis na Gloria Swanson, waliokuwa katika kilele cha usanii wao mwaka huo.

3. Mbele ya maseneta

Juni 1950 kilichapishwa Marekani kijitabu kilichoitwa Red Channels, chenye majina 151 ya watu wa redio, televisheni na sanaa waliodaiwa kuwa na uhusiano na wakomunisti. Jina la Holliday lilikuwamo. Tarehe 26 Machi 1952, mwaka mmoja kasoro siku tatu baada ya Oscar, alisimama chini ya kiapo mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya usalama wa ndani, ambayo mwenyekiti wake alikuwa seneta Pat McCarran. Aliulizwa juu ya vyama alivyovisaidia, saini alizozitoa, na rafiki zake.

Wakati huo njia zilizojulikana zilikuwa mbili. Kulikuwa na waliokataa kujibu, wakapoteza kazi. Kulikuwa na waliotaja majina ya wenzao, wakabaki na kazi. Holliday alichagua njia ya tatu: alijibu kwa namna ya Billie Dawn. Alijionyesha mtu asiyejua, aliyekubali kila alichoombwa kwa wema wa moyo, aliyedanganywa kwa urahisi. Maswali yaliingia yakapotea. Hakumtaja mtu yeyote. Kazi ya sinema haikumkatika, ingawa milango ya redio na televisheni ilifungwa kwa muda.

Waandishi wengi wa maisha yake huisimulia siku hiyo kama ushindi wa werevu juu ya nguvu, mfano wa sungura na fisi. Sisi hatukatai kwamba ulikuwa ushindi. Lakini mhakiki hana budi kuuliza bei. Tuziweke hadithi mbili pamoja. Billie Dawn anatoka katika ukimya kuelekea usemi: anajifunza maneno, anasoma karatasi kabla ya kutia saini, anamkatalia seneta aliyenunuliwa. Judy Holliday, mwanamke wa vitabu aliyeanza maisha kwa kutunga kejeli, anapita njia hiyo hiyo kinyumenyume: mbele ya maseneta wa kweli inambidi kuikana elimu yake na kusema kwamba saini zake zilikuwa za mtu asiyeelewa. Mhusika aliokolewa kwa kusema. Mwigizaji aliokolewa kwa kujifanya hajui kusema. Imani alizozitetea ziliandikwa katika kumbukumbu za Seneti kana kwamba zilikuwa upumbavu wa mwanamke. Aliwalinda rafiki zake, na katika kuwalinda aliitoa heshima ya akili yake iwe fidia. Tendo hilo twaliheshimu. Hatuna haja ya kulisherehekea.

Mwaka huo huo wa 1952 ilitolewa filamu ya The Marrying Kind, ya Cukor, Kanin na Gordon, ambayo kwetu ni kipimo cha kweli cha sauti yake. Mume na mke wanaotaka kuachana wanamsimulia hakimu maisha yao. Mwanzoni twacheka kama kawaida. Kisha siku ya mapumziko, watu wako mandarini, mke anaimba, na mtoto wao wa kiume anafa maji. Ni sauti ile ile, ya puani na ya juu, inayolia. Hakuna anayecheka tena. Hapo yabomoka madai ya wale wasemao kwamba sauti hiyo ilikuwa ya kuchekesha kwa asili. Sauti haina ucheshi wala upumbavu ndani yake. Sisi wasikilizaji ndio tunaoviweka humo.

4. Sauti nyingi katika waya mmoja

Filamu zilizofuata, kama It Should Happen to You (1954) na The Solid Gold Cadillac (1956), zilimrudisha katika umbo lile lile. Katika hiyo ya pili ni mwenye hisa kumi tu anayeuliza maswali mepesi katika mkutano wa kampuni kubwa, na maswali mepesi yanawatingisha wakurugenzi. Zapendeza, lakini ni lazima kukiri kwamba Hollywood ilikuwa imepata kiatu cha saizi moja na haikutaka kupima mguu upya.

Jukwaa lilimpa nafasi iliyo pana zaidi. Rafiki zake wa ujana, Comden na Green, pamoja na mtunzi wa muziki Jule Styne, walimwandikia mchezo wa muziki Bells Are Ringing, uliofunguliwa tarehe 29 Novemba 1956 na kufikisha maonyesho 924. Ella Peterson anafanya kazi ya kupokea simu za watu wasiokuwapo nyumbani. Kwa kila mteja ana sauti yake: kwa huyu ni bibi mzee mwenye huruma, kwa mtoto ni mzee wa Krismasi. Polisi wanaishuku ofisi hiyo kuwa kificho cha biashara haramu. Opereta wa simu wa Mercury Theatre amerudi kazini. Na mwanamke aliyewahi kuhojiwa na wakuu wa nchi anaigiza mwanamke anayefuatwa na polisi kwa sababu tu ya kuzungumza na watu kwa wema. Safari hii sauti zake zote zilisikika jioni moja.

Mwaka 1957 alipata tuzo ya Tony kwa mchezo huo. Mmoja wa aliowapita ni Julie Andrews, aliyekuwa akicheza Eliza katika My Fair Lady, mchezo uliotokana na Pygmalion. Hatutaki kuifanya kura ya tuzo kuwa hoja ya isimu. Hata hivyo inafurahisha kuona kwamba mwaka huo mwanamke aliyebaki na sauti zake alimpita yule aliyenyoshewa irabu.

Filamu ya mchezo huo, iliyoongozwa na Vincente Minnelli mwaka 1960, ilikuwa ya mwisho kwake. Mwaka huo huo alikuwa akijitayarisha kumwigiza Laurette Taylor, mwigizaji mkubwa wa kizazi kilichotangulia, katika nafasi isiyo ya kuchekesha. Saratani ya titi ikamkata, na mchezo haukufika New York. Hot Spot, mwaka 1963, haukudumu. Alifariki mjini New York tarehe 7 Juni 1965, zikiwa zimebaki wiki mbili atimize miaka 44.

5. Billie angesema Kiswahili gani?

Tuseme mwanafunzi wetu amepewa kuitafsiri Born Yesterday kwa Kiswahili. Kishawishi cha kwanza ni rahisi: Verrall apewe Kiswahili sanifu cha vitabuni, Billie apewe Kiswahili cha mtaani Lubumbashi au Bukavu. Ukumbini watu watacheka sana. Lakini watakuwa wakimcheka nani? Mjini New York lafudhi ya Billie humtaja mtu wa tabaka fulani. Kwetu Kiswahili cha nyumbani ni cha kila mtu: mwuza mboga hukisema sokoni, na profesa hukisema mezani kwake. Kumpa Billie Kiswahili hicho kama alama ya ujinga ni kutia ndani ya tamthilia tusi ambalo Kanin hakulitia na ambalo Holliday alitumia maisha yake kulifichua. Kinyume chake, kumpa Billie Kiswahili sanifu kitupu ni kuua mchezo.

Njia aliyoionyesha mwigizaji ni nyingine. Ujinga wa Billie haukai katika lahaja; uko katika mapigo ya sentensi, katika maswali mafupi, katika ukimya, katika neno linaloponyoka. Chukua lile kosa la maneno mawili. Kiswahili kina jozi iliyo karibu kabisa: Billie akitaka kusema kwamba nchi ni ya wakaaji wake, aseme ni ya wakatazaji wake. Kicheko kitakuja, na ukweli utakuja nacho, bila kumtukana msemaji wa mji wowote.

6. Hitimisho

Magazeti yaliyomwandika Holliday hurudia mara nyingi kwamba katika majaribio ya akili alipata alama 172. Wanaoirudia tarakimu hiyo wanadhani wanamtetea. Kwa kweli wanaendeleza hukumu ile ile: kwamba mwanamke mwenye sauti kama hiyo hatuwezi kumsadiki mpaka alete cheti. Kazi yake jukwaani na katika sinema haihitaji cheti. Onyesho la karata linatosha. Kilio cha The Marrying Kind kinatosha.

Kwetu tunaofundisha lugha, na kwenu mnaojifunza ili mkafundishe, kazi yake inaacha swali la kila siku darasani. Mwanafunzi anaposimama na kusema kwa Kiswahili cha kwao, tunasikia kwanza kosa au tunasikia kwanza wazo? Harry Brock alisikia kosa tu, kwa muda mrefu, wala hakuwahi kusoma kilichoandikwa katika karatasi zake mwenyewe mpaka mwenye sauti nyembamba alipokataa kuzitia saini.